Zege Halilali

Katika mitaa mipya ya Dodoma, ambako kila ukigeuka kuna tofali linapandishwa, alikuwako fundi mwashi aliyejulikana kwa neno moja: zege halilali. Saidia fundi akitaka kujinyoosha kivulini wakati mchanganyiko uko chini, fundi humkumbusha kwamba saruji ikishalowa haimngoji mtu. Ukienda kula, utarudi ukute jiwe. Kwa msimamo huo hakuwahi kutupa hata toroli moja.

Usiku wa Ijumaa, saa sita, fundi alikuwa na dada mmoja muuza vitenge. Walitumia kondomu, nayo ikapasuka. Wakatazamana, kila mmoja akaona haya kuanza kusema. Fundi akavaa viatu, akaondoka. Alipofika kwake alijisugua kwa sabuni ya unga hadi ngozi ikamwasha, kana kwamba kirusi ni tope. Maji na sabuni ya kuogea kwa nje vingemtosha. Ngozi iliyochubuka humfungulia mgeni mlango, haimfungii.

Jumamosi asubuhi simu yake iliita mara tatu. Alikuwa yule dada. "Huyu anataka hela," fundi akajisemea, asipokee. Ukaja ujumbe, akaufuta bila kuufungua. Mchana akapita duka la dawa, akanunua vidonge vya rangi mbili, akavimeza na moyo ukatulia. Lakini vidonge vile huua bakteria. VVU ni kirusi, wala havikigusi.

Jumapili akapata kipimo cha kujipima mwenyewe, kile cha kupitisha kwenye fizi. Mstari mmoja. Fundi alicheka peke yake chumbani, akatoka kwenda kutazama mpira. Kipimo hakikusema uongo, ila kilikuwa kinasema habari za zamani. Kipimo kile hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, walinzi ambao mwili huwaunda baada ya kuvamiwa, na kuwaunda huchukua wiki kadhaa. Mstari mmoja siku ya pili hauelezi lolote juu ya usiku wa juzi.

Jumatatu saa nane mchana, wakimwaga zege la jamvi, kijana wake wa kuchanganya alimwona hana raha, akamdodosa. Fundi akamweleza nusu nusu. Kijana akaweka sepeto chini.

"Fundi, hospitali kuna dawa ya kuzuia. Lakini mwisho wake saa sabini na mbili. Nenda sasa hivi."

Fundi akatazama ule mchanganyiko uliojaa kwenye karai, akatazama jamvi lililofika nusu. "Zege halilali, kijana. Nitakwenda kesho."

Walimaliza magharibi. Jamvi likatoka zuri. Hata wakati huo zilikuwa zimebaki saa tano na ushee, na chumba cha dharura cha hospitali hakifungwi usiku. Fundi akaoga, akalala.

Jumanne saa tatu asubuhi alikuwa mbele ya muuguzi mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ilikuwa lini?"

Muuguzi akahesabu kwa vidole. Zilikuwa saa 81.

Akamweleza bila ukali. VVU kikipita kwenye utando laini wa sehemu za siri hakitapakai mwilini papo hapo. Hukaa kwanza mahali pale pale, kisha husafirishwa na chembe za mwili hadi kwenye matezi, na huko hujiandika ndani ya vinasaba. Dawa humzuia mwandishi asiandike. Maandishi yakishakauka, haiwezi kuyafuta. Ndiyo sababu ya saa 72, na ndiyo sababu saa mbili ni bora kuliko kumi, na kumi bora kuliko arobaini. Fundi hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikuwa anasikia habari za zege.

Watafiti wa Marekani waliwahi kulionyesha jambo hili kwa kima, wakachapisha mwaka 1998. Kima waliopewa dawa ya tenofovir ndani ya saa 24 tangu kuingiziwa kirusi cha jamii hiyo, na wakaendelea nayo siku 28, walinusurika. Miongoni mwa waliocheleweshwa hadi saa 48 au 72, na wale waliokatishwa dawa baada ya siku 3 au 10, wapo walioambukizwa. Kuwahi ni nusu ya kinga. Kumaliza ni nusu ya pili.

Muuguzi alimpima siku ile, jibu likawa safi kama la Jumapili, akamtaka atumie kondomu kila mara, asitoe damu, na arudi baada ya wiki sita. Aliporudi, kipimo cha kwanza kilionyesha maambukizi, kikathibitishwa kwa vingine. Alikuwa na VVU. Akaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo.

Ndipo alipokwenda sokoni, kwenye meza ya vitenge. Dada alimtazama kwa muda mrefu.

"Nilikupigia mara tatu, kaka."

Kumbe alfajiri ya Jumamosi alikwenda hospitali kuomba dawa ya kujikinga na fundi. Kabla ya kupewa, hupimwa kwanza. Akakutwa tayari anaishi na VVU, hakuwa akijua. Akiwa bado kwenye benchi, machozi hayajakauka, alichukua simu. Ujumbe uliofutwa ulisema: *Nimepimwa, ninao. Wewe unaweza kuzuiliwa, njoo usipitishe Jumatatu.*

Leo fundi ana afya, anabeba tofali kama zamani. Akidumu na dawa hadi kirusi kisionekane kwenye vipimo, hatamwambukiza mwenzake kwa tendo la ndoa. Ila kidonge anachomeza kila usiku ni mchanganyiko ule ule ambao angepewa Jumamosi. Angekimeza siku 28. Sasa hakina siku ya mwisho.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Fundi hakukosa dawa, hakukosa nauli, hakukosa hata wa kumwonya. Kilichomchelewesha ni haya, nayo ilijificha nyuma ya sabuni, ya vidonge vya rangi mbili, ya mstari mmoja, mwisho ikajificha nyuma ya kazi. Kwa hiyo wewe, kondomu ikikupasukia, ukisahau kuivaa, au ukilazimishwa, nenda hospitali usiku huo huo. Usijisafishe ndani kwa sabuni wala dawa yoyote. Usimpime mwenzako kwa macho, wala usingoje akueleze hali yake. Mwambie mhudumu lini na vipi. Mwanamke aulize pia dawa ya kuzuia mimba, ambayo nayo ina saa zake. Ukipewa vidonge, meza siku zote 28, kisha urudi kupimwa hadi uambiwe imetosha. Na kama hatari hiyo inakurudia mara kwa mara, omba dawa kinga ya kumeza kabla.

Na simu ikiita, pokea.