Nchi ya Ahadi na Wafalme Wageni

Kila Dominika, Wakristu wanapoungama imani yao katika Nasadiki, hutaja majina machache sana ya wanadamu. Limo jina la Bikira Maria, limo na jina la Ponsyo Pilato. Mkatekumeni husita hapo. Pilato hakuwa mtakatifu, wala hakuwa mzaliwa wa nchi ile. Alikuwa liwali aliyetumwa na Roma, akatawala Uyahudi tangu mwaka 26 hata mwaka 36. Kwa nini, basi, nchi ambayo Mungu alimwahidia Abrahamu iwe mkononi mwa mgeni asiyemjua Mungu? Na mtu mwenye imani, je, yampasa kumtii bwana kama huyo, ama kumtii ni kumwasi Mungu?

Swali hilo lilikuwa la zamani kuliko Pilato. Nchi ile ni ndogo, nayo imekaa njiani, kati ya Misri na mataifa makubwa ya mto Eufrate. Wakubwa walipotaka kupigana walipita humo, kama tembo wapitavyo shambani mwa maskini. Waashuru waliuteka mji wa Samaria mwaka 722 kabla ya Kristu. Nabukodonozori, mfalme wa Babiloni, alichukua mateka kutoka Yeruzalemu mwaka 597, na miaka kumi baadaye akauchoma mji pamoja na Hekalu. Wakaja Waajemi, kisha Aleksanda na Wayunani wake mwaka 332, kisha Waroma mwaka 63. Na baada yao wengine wengi, hata Waingereza walioondoka mwaka 1948.

Mateka wa Babiloni walikuwa na manabii wa uongo waliowatumainisha kwamba watarudi kwao upesi. Nani angejenga nyumba, akingoja kuondoka kesho? Nabii Yeremia akawapelekea barua. Akawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, tena wauombee kwa Mungu mji ule uliowateka, kwa kuwa mji ukikosa amani wao pia wataikosa. Agizo hilo lilikuwa chungu. Kumwombea mtu aliyekubomolea nyumba! Wakuu wa Yeruzalemu walimhesabu Yeremia kuwa msaliti, hata wakamtia shimoni penye matope. Walakini Yeremia hakumwagiza mtu yeyote aiabudu miungu ya Babiloni. Kulima katika nchi ya mgeni, kulipa kodi yake, hata kumtakia heri, si sawa na kumpa moyo.

Tena si kila mgeni alikuwa mkatili. Siro, mfalme wa Waajemi, alipouteka Babiloni mwaka 539, aliwaruhusu Wayahudi kurudi na kulijenga Hekalu upya, nalo likamalizika mwaka 515. Kitabu cha Isaya chamwita mpakwa mafuta wa Bwana, ingawa hakumjua Mungu wa Israeli. Neno hilo ni la heshima kuu, maana ndilo waliloitiwa wafalme wa ukoo wa Daudi. Basi mtu asiseme kwamba mtawala ni mbaya kwa sababu tu ni mgeni.

Aliyevuka mpaka ni mfalme Antioko wa Nne. Mwaka 167 aliwakataza Wayahudi kutahiri watoto wao na kushika Sabato, akaingiza ibada ya sanamu ndani ya Hekalu. Hapo neno halikuwa kodi tena. Eleazari, mwalimu wa Torati, mzee wa miaka 90, alilazimishwa kula nyama ya nguruwe. Wale waliosimamia kazi hiyo walimjua siku nyingi, wakamvuta kando. Walimshauri alete nyama yake iliyo halali, aile mbele ya watu akijifanya kula ile ya mfalme, apone. Shauri lile lilitoka katika huruma, na kwa hiyo lilikuwa gumu zaidi kulikataa. Mzee alilikataa, akiwafikiri vijana: wangedhani kwamba Eleazari ameigeuka imani katika uzee wake, wakapotea kwa ajili yake. Akapigwa mpaka akafa.

Kongo nayo ilimpata mtu wa namna hiyo. Isidori Bakanja alibatizwa mwaka 1906, akaajiriwa na Wazungu wa shamba la mpira. Kazi aliifanya. Lakini msimamizi alipomwamuru aivue skapulari ya Bikira Maria, hakuivua. Akapigwa fimbo ya ngozi yenye misumari, akafa kwa vidonda vyake tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe yule aliyempiga. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994.

Baada ya kufa Eleazari, Yuda Makabayo na ndugu zake walishika silaha. Mwaka 164 walilitakasa Hekalu, na baadaye taifa lao likajitawala. Wengi hupenda kukifunga kitabu hapo. Lakini habari yaendelea, nayo yaumiza. Yohane Hirkano, wa ukoo ule ule, alipopata nguvu aliwashinda jirani zake Waidumea, akawapa kuchagua moja katika mawili: watahiriwe na kushika Torati, ama waihame nchi yao. Hekalu la Wasamaria juu ya mlima Gerizimu akalibomoa. Watoto wa wale walioteswa kwa ajili ya dhamiri waliwashurutisha wengine katika dhamiri zao, na hapakuwa na mfalme mgeni wa kulaumiwa. Kisha wajukuu wawili wa Hirkano wakagombea kiti, kila mmoja akimtaka Mroma Pompei amsaidie. Pompei akaja, akaishika nchi. Naye Herode, aliyekuwa mfalme Yezu alipozaliwa, alitoka katika wale Waidumea walioshurutishwa.

Yezu alikulia katika nchi hiyo. Mwaka wa 6 Yuda Mgalilaya alikuwa amewachochea watu waasi kwa sababu ya kuandikwa kwa ajili ya kodi. Basi Yezu alipoulizwa kama ni halali kumlipa Kaisari, ulikuwa mtego: akikubali, watu wamchukie, akikataa, Waroma wamkamate. Akataka kuonyeshwa sarafu. Wale wale waliouliza wakamletea. Akawauliza sura iliyochorwa juu yake ni ya nani, nao wakajibu kwamba ni ya Kaisari. Imrudie Kaisari, basi; lakini Mungu naye ana haki yake. Mwanadamu ana sura ya nani? Hilo hawakuuliza.

Baada ya siku chache Yezu alisimama mbele ya Pilato, amefungwa. Hakumtukana, wala hakukana kwamba liwali ana mamlaka. Alimwambia tu kwamba mamlaka hayo amepewa kutoka juu. Pilato aliona wazi kwamba hana kosa. Akaomba maji, akanawa mikono.