Bangili Inayokusemea

Mwaka 1953, mjini Turlock, California, binti wa Dakta Marion Collins alijikata kidole. Dawa ya kuzuia pepopunda ikamletea mzio mkali, nusura afe. Wazazi wake wakamvalisha bangili inayoutaja mzio huo, na mwaka 1956 wakaanzisha MedicAlert, shirika la kuwapatia wengine bangili kama hiyo.

Msikilizaji, bangili hii si ya wenye mzio tu. Mwenye kisukari sukari ikimshuka ghafla hutetemeka, hutokwa jasho, ulimi huwa mzito. Wapita njia humdhania mlevi. Basi chagua bangili au kidani kisichoshika kutu, utakachovaa hata ukilala. Kichongwe maneno machache: jina, ugonjwa au mzio, dawa, na namba ya simu ya ndugu.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Ugonjwa si aibu, jitambulishe, uokolewe.