Sauti ya Marehemu ni ya Nani?

Kaskazi iliyopita nilikwenda Kiwengwa kumtazama mpwa wangu, ambaye Mola amempa riziki yake katika nyumba ya wageni iliyo kando ya pwani ile nyeupe ya mashariki ya Unguja, na kwa kuwa ada yake ni kuniketisha barazani na birika la chai ya tangawizi kabla hajarejea kwenye shughuli zake, nilijikuta alasiri moja nimekaa baina ya makundi mawili yasiyojuana: mkono wa kulia mzee wa kijiji, mvuvi, aliyekuwa akiziba tundu la dema lake kwa subira ya mtu asiyedaiwa saa, na mkono wa kushoto wageni wanne wa Kitaliano, watu wa umri wa kuitwa mababu na mabibi, ambao asubuhi yake walikuwa wamekwenda mjini Shangani kuiona nyumba alimokulia mwimbaji wao, au waliyoambiwa kuwa ndiyo, maana nyumba zinazodaiwa heshima hiyo pale mjini si moja. Maji yalikuwa yamekupwa hata mwamba ukaonekana kwa mbali kama mstari wa wino, na wanawake waliokwenda kuchokoa pweza walikuwa wakirejea mmoja mmoja.

Mwimbaji mwenyewe ni Freddie Mercury, na wageni wale hawakuwa wakibishana kama yuko aliyeimba vizuri kuliko yeye, kwani hilo kwao lilikuwa limekwisha kukatiwa hukumu. Walikuwa wakisimuliana, kila mtu kwa zamu yake, ni albamu ipi ya Queen, bendi yake, aipendayo kupita zote na kwa sababu gani. Mpwa wangu, ambaye kama vijana wengi wa Kiwengwa Kitaliano kimemwingia kabla ya Kiingereza, alikuwa akinifasiria. Bibi mmoja alichagua Sheer Heart Attack ya mwaka 1974, tena si kwa nyimbo zake, alikiri, bali kwa kuwa kaka yake aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, akaharimisha wadogo zake wasiiguse, na yeye akawa akiiba wasaa wa kuisikiliza kila kaka alipotoka kwenda kazini. Bwana mmoja mwenye mvi ndefu alitaja News of the World ya 1977, ambayo jalada lake lina picha ya dubwana la chuma limewabeba wanamuziki kiganjani kama vifaranga waliokufa. Utotoni alikuwa hapati usingizi mpaka aligeuze jalada lile liangalie ukuta. Mkewe alisema Innuendo, iliyotoka Februari 1991, miezi tisa kabla ya mwimbaji kufariki, na ambayo miaka mingi hakuweza kuigusa kwa sababu aliisikiliza siku alizokuwa akimuuguza mamake. Wa nne jina la albamu yake alikuwa amelisahau. Alikumbuka tu mkanda wa kaseti katika gari la babake, uliolegea kwa joto hata sauti ikawa inavutika kama asali, na alipokuja kuusikia wimbo huohuo ukiwa mzima hakuupenda.

Nilisikiliza, nikastaajabu. Kwa muda wa karibu saa nzima, katika watu wanne waliovuka bahari kwa ajili ya mtu mmoja, hapakuwa na hata mmoja aliyemzungumzia mtu huyo.

Na habari zake si chache. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mwana wa Waparsi wenye asili ya Gujarat, babake akiwa mtunza fedha katika serikali ya ukoloni. Alipofika miaka minane akapelekwa skuli ya bweni Panchgani, India. Akarejea Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi ya Januari 12, akaondoka na wazazi wake kwenda Uingereza, kijana wa miaka kumi na saba. Kisiwa alichozaliwa hakuwa na mazoea ya kukitaja hadharani. Alipofariki London tarehe 24 Novemba 1991, makasisi wa dini ya Zarathustra, dini ya wazee wake, ndio waliomsomea. Mwili ukachomwa, na majivu yake yalikowekwa halaiki haikuambiwa. Kwa hiyo wanaompenda hawana kaburi. Sisi watu wa pwani tumezoea kuzuru mahali mtu alipolazwa. Wao, kwa kukosa hapo, wanazuru mahali mtu alipoanzia, na ndiyo maana kila leo magari hutoka Kiwengwa kwenda Shangani yakiwa yamejaa watu wanaotaka kukiona kizingiti.

Nikiwa katika mawazo hayo, bibi wa kwanza alimgeukia yule mzee wa dema na kumuuliza kwa ulimi wa mpwa wangu: nanyi watu wa kisiwa chake, mwapenda ipi?

Kijana akaona haya. "Mjomba, niwajibuje?" akaninong'oneza. "Mimi namjua kwa picha za fulana tu."

Mzee hakuinua macho. "Waambie, mwanangu, miye yangu ni ya Siti binti Saad."

Kisha akaeleza, huku akivuta kamba kwa meno, kwamba babu yake alikuwa na gramafoni ya kutia ufunguo, yenye pembe iliyochakaa, na kwamba katika santuri zake chache moja ilikuwa na mkwaruzo. Sindano ilipofika kwenye neno fulani ilirudi nyuma, na Siti akawa analisema nusu ya neno lile mara ya pili, na ya tatu, na ya nne, mpaka babu anyooshe kidole na kuigonga sindano taratibu, ndipo neno likapata kukamilika. Babu alipokwisha kufa, santuri ikakaa kimya. Miaka mingi baadaye mzee alikwenda harusini mjini, akausikia wimbo uleule ukiimbwa na mtu mwingine kwa ufasaha, bila ya kukwama popote. "Nikaona wamenidhulumu," akasema. "Pale pa babu hapakuwapo."

Mpwa wangu alipomaliza kufasiri, yule bwana wa kaseti alicheka kicheko cha mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ametenga katika Ihya Ulumuddin kitabu kizima cha adabu za samaa na wajd, yaani kusikiliza uimbaji na hali inayomjia msikilizaji, na humo, baada ya kuzipima hoja za wanaoharimisha na wanaohalalisha, anaafiki rai ya kwamba sauti haitii moyoni kitu kisichokuwamo, bali hukitikisa kilichomo. Niliisoma kauli hiyo ujanani nikaichukulia kuwa onyo kwa wenye nyoyo chafu. Barazani pale niliiona kwa sura nyingine. Ikiwa sauti ya Siti imemtikisia mzee kidole cha babu yake, na sauti ya Mparsi wa Shangani imemtikisia mwanamke wa Kitaliano pumzi za mamake mgonjwa, basi anayesimulia albamu aipendayo anatoa ushahidi wa moyo wake mwenyewe, na mwimbaji anatajwa kama vile karani anavyotajwa chini ya hati.

Lakini nisivuke mpaka. Lau kama yote yangekuwa ya msikilizaji, mlio wa msumeno ungetosha. Siti, aliyezaliwa Fumba katika nyumba ya wafinyanzi na kuuza vyungu mjini kabla ya kuuza sauti, aliposafiri Bombay mwaka 1928 kurekodi, alikuta kwamba upande mmoja wa santuri ya siku zile, inayozunguka mara 78 kwa dakika, hauchukui zaidi ya dakika tatu na ushei, naye alikuwa mwimbaji wa usiku mzima. Ilimlazimu aikate bahari aitie kibuyuni. Mercury naye mwaka 1975, katika albamu ya A Night at the Opera, alitunga Bohemian Rhapsody wa karibu dakika sita, akaambiwa kuwa hakuna redio itakayoupiga, akakataa kuukata. Mmoja alitii kipimo na mwingine akakiasi, na wote wawili walikuwa wakifanya kazi ngumu ambayo hakuna mkwaruzo wala kaseti iliyolegea ingeweza kuifanya badala yao. Kwa miaka minne kasoro, tangu kuzaliwa kwake Mercury mpaka kufa kwake Siti mwaka 1950, walivuta hewa ya kisiwa kimoja, bibi wa taarabu na mtoto wa karani, na sidhani kuna aliyeliona hilo kuwa ni jambo.

Basi sauti hiyo, mwenyewe akisha kufa, ni mali ya nani? Nilijaribu kuipima kwa mizani ya mirathi, kwa kuwa ndiyo elimu niliyofundishwa. Mtu hurithi kwa nasaba, au kwa nikahi, au kwa kumwacha mtumwa huru, na msikilizaji hamo katika njia hata moja; tena dini mbili hazirithiani, hivyo Mwislamu wa Kiwengwa hana fungu katika tirka ya Mparsi, hata wawe wamezaliwa kitanda kimoja. Mlango huo umefungwa. Lakini upo mlango wa pili, nao ni wasia, ambao marehemu aweza kumwachia asiyekuwa mrithi wake, na hata asiyekuwa wa dini yake, katika thuluthi ya mali. Mwimbaji anapoimba mbele ya chombo cha kunasa sauti anafanya jambo linalofanana sana na hilo: anawaachia watu asiowajua, ambao wengine hawajazaliwa, kitu ambacho jamaa zake wa damu hawawezi kukizuia. Na wasia kwa mtu maalumu una sharti lake ambalo wengi hulisahau, kwamba aliyeusiwa lazima akubali baada ya kufa mwenye kuusia. Asipokubali, hapati kitu.

Nikauona udhaifu wetu hapo. Sisi hudai kwa nasaba kitu kilichotolewa kwa wasia. Tunasema ni wetu kwa kuwa kitovu chake kimezikwa hapa, tunaandika jina lake juu ya fulana na juu ya milango, na Novemba 2019 ikafunguliwa makumbusho yake Shangani, ambayo siibezi, kwani imetunza picha na habari ambazo zingepotea. Lakini kabuli, huko kuukubali wasia, haifanywi kwa tikiti. Hufanywa kwa sikio. Wale Wataliano wanne, wasio na tone la damu yake wala chembe ya mchanga wake, walikuwa wamekubali, kila mmoja kwa siku yake na kwa msiba wake, na mpwa wangu, aliyezaliwa Unguja, alikuwa bado.

Najua atakayenijibu kuwa wasia wa jambo la haramu ni batili, na kuwa maisha ya mtu yule hayakuwa ya kuigwa. Mwaka 2006, ilipokusudiwa sherehe ya kutimia miaka sitini tangu azaliwe, kikundi cha dini hapa Unguja kiliipinga kwa ukali, na ghera yao juu ya dini siitilii shaka. Wapo pia waliochukizwa kwa kuwa neno Bismillahi limo ndani ya wimbo wake mashuhuri, katikati ya kelele za mchezo wa kuigiza. Mimi nimelifikiri neno hilo zaidi kuliko mambo mengine yote. Huenda alilisikia utotoni dirishani, katika mji ambao mwokaji hatii mkate tanurini wala nahodha hatweki tanga bila ya kulitamka. Huenda lilimpendeza kwa mlio wake tu. Matendo hupimwa kwa nia, na nia ya maiti ni ghaibu. Nani kati yetu, wa upande wa kumpenda au wa upande wa kumchukia, aliyepewa funguo za mlango huo? Anayemlaani kwa neno lile na anayemfanya walii kwa neno lilelile wote wanatoa vilivyomo vifuani mwao na kumvisha mtu asiyeweza kuvua. Hukumu ya samaa nawaachia maulamaa, na kila mtu na ashike fatwa ya sheikhe wake; ninachokiona ni kwamba yule mzee wa dema, ambaye hakukosa safu ya mbele msikitini siku zote nilizokaa Kiwengwa, hajapata kuitupa santuri ya babu yake.

Shaaban Robert alipomwandikia Siti wasifu alituhifadhia mwendo wa maisha yake, na shukurani yetu kwake haina kiasi. Hata hivyo kidole cha babu hakimo kitabuni, wala hakiwezi kuwamo. Mzee akifa kitakwenda naye, na santuri hiyo, akiipata mtu mwingine, itakuwa na mkwaruzo tu.

Jua lilikuwa limekwisha kupita nyuma ya minazi na maji yameanza kujaa. Yule bibi wa kwanza alimwomba mzee awaimbie pale panapokwama. Mzee akaliweka dema chini, akatazama kushoto na kulia kama kijana anayeogopa kuonwa, kisha akaimba kwa sauti nyembamba, akafika kwenye neno lile, akalivunja nusu, akalirudia mara tatu, na kabla ya kulikamilisha akanyoosha kidole akagonga hewa.

Bwana wa kaseti naye akatoa simu yake atafute wimbo wa kuwasikilizisha, ukaanza. Mara adhana ya magharibi ikatoka kijijini, naye akauzima kabla hajaambiwa na mtu. Mzee aliliona hilo. Akasimama, akajifuta mikono kwa kanga kuukuu aliyofungia chakula chake, na akamwambia mpwa wangu:

"Waulize kesho watakuwepo? Niwaletee ile santuri. Imevunjika vipande viwili, lakini ipo."