Pesa ya Siku Thelathini



Jumatano moja baada ya maombi ya mchana alinijia ofisini mzee mmoja wa ushirika wetu, pamoja na binti wa marehemu kaka yake. Wameniruhusu nieleze habari yao bila kutaja majina, na nawashukuru, maana najua wengi wenu mna faili kama lao chini ya godoro. Binti amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja Marekani. Chuo kimemsaidia sehemu ya karo. Iliyobaki ya mwaka wa kwanza, pamoja na chumba na chakula, ni dola 9,400, karibu shilingi milioni 1.2. Imeandikwa kwenye ile fomu ya chuo inayoitwa I-20, na siku ya mahojiano kule Gigiri afisa anaweza kuuliza: nani atalipa hii?

Mdhamini ni huyu mzee, baba yake mdogo. Ni mchuuzi wa samaki. Ananunua ufuoni, anatia barafu, anapeleka kwenye hoteli na kwa kina mama karanga. Ukienda benki, akaunti yake ina shilingi 41,600.

"Pasta," akaniambia, "kuna mtu mjini atatuwekea hiyo milioni moja na laki mbili kwa siku thelathini. Anataka laki moja na elfu ishirini. Kwako tunataka tu hesabu za biashara za miaka miwili ziendane na hiyo pesa, na barua ya kanisa yenye muhuri. Si wewe umesomea mambo haya?"

Nimesomea. Hapo ndipo shida ilipo.

Wapendwa, tumeombea pasipoti nyingi madhabahuni petu. Tumezipaka mafuta. Na viza ikitoka, Jumapili ya shuhuda tunaruka na kushangilia mpaka vipaza sauti vinakwaruza. Lakini sijawahi kusikia mtu akishuhudia kuhusu stetimenti ya benki, pesa ile ilitoka wapi na ilirudi kwa nani. Hapo huwa tunasema tu "Mungu alifungua mlango." Basi leo nataka tuuangalie mlango wenyewe.

Nianze upande wa mzee, kwa sababu hoja zake si za kipuzi. Ya kwanza: yeye si maskini, ila hana karatasi. Ana minazi ambayo babu yake alipanda. Hana hati. Nanyi mnajua kwa nini. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi hapa Pwani, watu wakatakiwa wapeleke madai yao, na Wamijikenda wengi hawakuambulia chochote. Mpaka leo mtu anaitwa skwota chini ya mnazi wa babu yake. Sasa afisa akitaka mali yenye karatasi, mzee aonyeshe nini? Nazi?

Ya pili: pesa yake inatembea kwenye simu. Inaingia asubuhi, mchana imeshakuwa samaki, jioni imeshakuwa karo na unga. Benki haijawahi kumwona. Ya tatu ni ya kiukoo. Fomu inataka kujua uhusiano, na binti alikuwa ameandika "baba". Kwetu hapa ndugu wa baba ni baba, hilo halina mjadala, na huyu ndiye aliyemlea tangu darasa la pili. Lakini Uingereza, kwa mfano, kwa viza ya mwanafunzi wanakubali pesa ya mzazi au mlezi aliyewekwa kisheria, na wanataka cheti cha kuzaliwa. Lugha yao haina nafasi ya baba mdogo. Binti akaniuliza, "Pasta, sasa nikiandika baba nimesema uongo?" Nikamwambia aandike ndugu wa baba aliyenilea, amalize. Ni maneno machache tu yanaongezeka. Lakini nilisikia uzito wa swali lake, kwa sababu karatasi inamlazimisha amtoe baba yake kwenye ubaba.

Kisha mzee akanipiga na Maandiko. "Hata Ibrahimu," akasema, "alidanganya mpakani."

Ni kweli. Mwanzo sura ya 12. Njaa imeingia Kanaani, Ibrahimu anashuka Misri, na kabla ya kufika anamwambia mkewe aseme ni dada yake. Mkipenda, ni mtu anayepanga majibu ya mahojiano njiani. Na alipita! Tena alitoka na ng'ombe na punda na ngamia. Sikuwa na jibu la haraka, nikamwomba tukutane Ijumaa.

Usiku ule nilisoma sura ile mara tatu, na kitu nilichokuwa nimekipita miaka yote kikanisimamisha. Aliyeingizwa nyumbani mwa Farao si Ibrahimu. Ni Sara. Uongo ulitungwa na mtu mzima, mwenye sababu za kweli, kwa hofu ya kweli, na gharama yake ikabebwa na mwanamke ambaye hatuambiwi hata kama alikubali.

Hapo nikamkumbuka rafiki yangu.

Mwaka 2013 nilikuwa nimetoka chuo na digrii ya biashara na sina kazi. Rafiki yangu alikuwa na nafasi ya chuo huko nje, na mjomba wake ndiye mdhamini. Mjomba alikuwa dereva wa kweli, mwenye kazi ya kweli, ila mshahara haukutosha. Nikaandika barua ya mwajiri na hati za malipo za miezi sita. Mshahara niliouandika ulikuwa mara nne ya ule anaolipwa. Nilifanya kazi nzuri, hata makato ya kodi yalijumlika sawasawa. Rafiki yangu akapata viza, tukachinja kuku, na mimi nikapewa elfu nane.

Mwaka wa pili ulipoanza akanipigia simu usiku. Karo imekwama, chuo kimemfungia usajili. Kwa kawaida sheria ya Marekani humruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ndani ya chuo tu, na si zaidi ya saa ishirini kwa wiki wakati wa masomo, na hizo zilikuwa hazitoshi hata chakula. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Ule mshahara ulioandika, bana, nani anaulipa?"

Bado nalisikia swali hilo.

Maana tazameni, tukiongea kuhusu kudanganya viza huwa tunafikiria anayedanganywa ni Mzungu aliye nyuma ya kioo. Yeye hapotezi kitu. Jioni anafunga kazi na kwenda nyumbani. Anayeachwa na ile karatasi ni mtoto. Afisa anapouliza kuhusu mdhamini, hata kama anauliza kwa ukali, hata kama dakika zake ni tatu, swali lake ni lile ambalo mzazi angepaswa kuliuliza kwanza: huyu mtoto akifika kule, atakula nini mwezi wa Novemba? Sisi tunalijibu swali hilo kwa pesa itakayoondoka siku ya thelathini na moja, kabla mtoto hajapanda ndege.

Sitaki kuwatisha kwa adhabu, ingawa zipo. Marekani, mtu akipatikana amedanganya kwa makusudi ili apate viza, anaweza kufungiwa maisha, na misamaha ni michache. Uingereza, udanganyifu unaweza kumfungia mtu miaka 10. Lakini nikisimama hapa niseme "mtashikwa", nitakuwa nawadanganya na mimi. Wengi hawashikwi. Rafiki yangu hakushikwa. Na kama sababu yangu pekee ni kushikwa, basi ninayekosa kushikwa sina dhambi.

Tena nchi nyingine zimeshachoka na hadithi zetu. Ujerumani inamwambia mwanafunzi aweke pesa za mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungwa, tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, na humo anatolewa kidogo kidogo kila mwezi. Uingereza wanataka pesa iwe imekaa siku 28 mfululizo. Nadhani ndiyo maana yule mtu wa mjini anakodisha kwa siku thelathini. Naye anasoma sheria, pengine kuliko sisi. Na kwa wale wanaohamia kwa ndugu Marekani moja kwa moja, mke au mzazi, mdhamini huonyesha kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha kule, kisha anatia sahihi mkataba. Mkataba huo haufi hata ndoa ikivunjika. Unaendelea mpaka mgeni awe raia, au afikishe robo 40 za kazi, ambayo ni kama miaka kumi. Anaweza kushtakiwa nao mahakamani.

Nikiusoma mkataba ule namwona Yuda. Mwanzo 43: Yakobo hataki kumwachia Benyamini aende Misri (Misri tena!), na Yuda anasema yeye atakuwa mdhamini, adaiwe yeye. Hakuonyesha mifugo wala fedha. Alijitoa mwenyewe. Na sura inayofuata, kikombe kilipopatikana kwenye gunia la Benyamini, Yuda akasogea mbele akaomba abaki yeye mtumwa badala ya kijana. Huo ndio udhamini. Wenye dada na mabinti Saudia mnalijua neno kafili. Lilitoka mahali pazuri kabla halijachafuliwa na matajiri wanaoficha pasipoti za watu. Maana yake ni yule anayesimama badala yako.

Kwa hiyo Ijumaa mzee alipokuja sikumwambia hapana kwanza. Nilimwambia, "Baba, lete simu." Tukatoa stetimenti ya M-Pesa ya miezi kumi na miwili. Tukachukua na daftari la BMU pale ufuoni, maana samaki wanaoshuka huandikwa. Zilizoingia ni shilingi milioni 3.9. Uso wa mzee ukang'aa. "Si unaona! Milioni tatu na zaidi!"

Hapa ndipo digrii ilinisaidia kufanya kazi ya kichungaji. Nikamwambia mauzo si faida. Tukatoa bei ya samaki, barafu, bodaboda, waliooza, na wale wa kukopesha ambao hawalipi. Miezi ya kaskazi anabaki na kama elfu sitini kwa mwezi. Kusi ikiingia na bahari kuchafuka, elfu ishirini, na siku nyingine hakuna. Mwaka mzima, faida shilingi 480,000. Na nyumbani kwake wanakula watu saba.

Mzee alinyamaza muda mrefu. Miaka kumi na tisa ya biashara, na hakuwahi kuiona namba ile.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "hata bila afisa, mimi siwezi."

Wapendwa, sikufurahi. Msifikiri mchungaji hufurahi akishinda hoja. Binti alikuwa amekaa pale, anatazama sakafu. Nilijua vilevile kwamba kama wangetafuta mtu mwingine wa kupika hesabu, kwa laki moja na ishirini, ambayo ni robo ya faida ya mwaka mzima ya baba yake, labda angepita. Na mfumo huu haukumfikiria mchuuzi wa samaki hata siku moja. Mtoto wa tajiri mvivu atapita na stetimenti safi, na huyu mwenye A ya baiolojia amekaa hapa. Hilo ni dhuluma, na sina andiko la kulifanya lisiwe dhuluma. Ila dhuluma ile haimlipi karo.

Tukafanya jambo moja. Jumapili jioni ukoo ukaitwa, chini ya ile minazi isiyo na hati. Nikawaomba kila mtu aseme anachoweza kutoa kwa mwaka, si anachotamani. Shangazi wa Mombasa, mwenye mshahara, akasema laki moja na themanini. Kaka yuko Qatar, akasema kwa simu laki mbili na nusu. Mzee akasema laki mbili, na mkewe akamtazama kwa jicho ambalo nililielewa, lakini hakuisahihisha. Jumla 630,000. Nusu na kidogo. Kila mmoja akaandika barua yake mwenyewe na kuambatisha ushahidi wake, M-Pesa kwa mwenye M-Pesa, hati ya mshahara kwa mwenye mshahara. Mmoja, simtaji, aliahidi elfu hamsini kisha usiku akanipigia akaomba tuifute. Nikaifuta na nikamshukuru.

Binti amekiandikia chuo kuwaeleza pengo lilivyo, akaomba msaada zaidi na kusogezewa nafasi mpaka Januari. Nafasi wameisogeza. Kuhusu msaada hawajajibu.

Wiki hii alirudi kuchukua barua ya kanisa. Nilikuwa nimeiandika mistari minne: kwamba namfahamu tangu akiwa kwenye kwaya ya watoto, kwamba anafundisha Shule ya Jumapili, kwamba ukoo wake umekutana mbele yangu na kuahidi shilingi 630,000 kwa mwaka, na kwamba kanisa halijaahidi pesa yoyote. Aliisoma ule mstari wa mwisho mara mbili.

"Pasta, huu lazima uwepo?"

Nikamwambia wazee wa kanisa wanakutana Jumanne, na nimeomba jambo hilo liwekwe kwenye ajenda. Kama watakubali kiasi chochote, nitaiandika upya. Akaikunja, akaitia kwenye faili, akaniuliza mkutano unaanza saa ngapi.