Vijana wa Maabara, Msiipambe Jeli

Wanangu mnaoanza kazi za maabara, nawaona mnavyolikimbilia lile sanduku la kamera la kupigia picha za jeli. Mlango unafungwa, kitufe kinabonyezwa, mistari myeupe inajitokeza kwenye skrini, na papo hapo mkono unashika kipanya: weusi uongezwe huku, ukungu upunguzwe kule, picha ipendeze. Hebu uacheni mkono huo kidogo tuzungumze.

Chukueni kazi ambayo wengi wenu mtapewa, ya kutambua mbu. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hata ukiwatazama kwa hadubini huwezi kuwatenganisha. Tangu 1993 tuna PCR, kipimo cha kunakili kipande cha DNA, ya kuwatofautisha, na mguu mmoja wa mbu unatosha. Kwenye jeli ya agarosi, gambiae hutoa bendi, yaani mstari, ya jozi 390 za besi, arabiensis 315. Hizo jozi 75 zinazowatenga ni milimita chache tu za jeli, lakini zina uzito mkubwa. Arabiensis huuma nje zaidi na huridhika hata na damu ya ng'ombe, hivyo chandarua na dawa ya ukutani humpata kwa shida kuliko mwenzake. Ofisa wa wilaya atakayesoma ripoti yenu hataiona jeli. Ataona jina la mbu, basi, na kwa jina hilo atapanga matumizi ya fedha.

Bendi yenyewe haionekani hivi hivi. Rangi iitwayo itidiamu bromaidi hujipenyeza katikati ya besi za DNA, na ikimulikwa kwa miale ya urujuanimno ya nanomita 302 hurudisha mwanga wa rangi ya chungwa. Mbele ya lenzi kuna kichujio kinachozuia miale ile na kupitisha chungwa peke yake. Kikiwa na alama za vidole, au mkihamia rangi nyingine na taa ya buluu bila kukibadili, picha itatoka na ukungu ambao kompyuta haiwezi kuuponya. Kioo cha chini nacho kifuteni, maana nyuzi za karatasi hung'aa chini ya urujuanimno hadi mtu akazihesabu kuwa ni matokeo. Na msichungulie taa ile bila ngao ya uso. Macho huanza kuwasha usiku, mtu akidhani mchanga umemwingia.

Sasa lile lililonifanya niandike. Kila jeli ina kisima kimoja cha mchanganyiko wa PCR ambao hatukuutia DNA, tumeutia maji tu, ili tujue kama dawa zetu ni safi. Nimemwona kijana mwema kabisa, mchapakazi, kisima chake cha maji kimetoa mstari hafifu pale pale kwenye 315. Akavuta kitelezi cha weusi kidogo, mstari ukafifia. Akavuta tena, ukazama. Jeli ikabaki nzuri kama ya kitabuni, akaichapa. Hakukusudia kudanganya mtu, alitaka picha safi ya ripoti. Lakini mstari ule ulikuwa unamwambia kwamba kuna uchafu kwenye dawa, na kwamba kila arabiensis wa siku ile ni wa kutiliwa shaka. PCR yote ilipaswa kurudiwa kwa dawa mpya. Kwa hiyo mkitaka kujua kisima cha maji kina nini, fanyeni kinyume chake: ongezeni mwanga mpaka jeli iwe mbaya machoni, kisha mkikague.

Tuliotumia kamera za Polaroid hatukuwa na kishawishi hicho. Filamu ilikuwa ghali na ilichacha stoo kabla haijafika kwetu, lakini picha ikishatoka imetoka, unaibandika kwenye daftari na mstari wako mbaya unabaki pale kwa kila mtu kuuona. Kampuni ilitangaza kuacha kutengeneza filamu hizo 2008, na sikuzililia, ila ule ukaidi wake nautamani.

Kwenye bloti za protini kosa huja kwa mlango mwingine. Pale mwanga hutoka kwenye kemikali ya luminoli, ni hafifu mno, ndiyo maana kamera hupozwa: joto lenyewe huzalisha vidoa vya uongo kwenye kihisi. Mngoje ifike kwenye baridi yake kabla ya kupiga. Kamera ya biti 16 ina ngazi 65,536 za mwanga. Bendi ikishagonga ngazi ya juu imeungua; protini ikiongezeka maradufu, kamera itasema ni ile ile. Filamu ya eksirei ya chumba cha giza iliungua upesi zaidi, na bado watu waliipima weusi wake wakaandika tarakimu. Nyinyi pigeni picha kadhaa, ya sekunde 10, ya 20, ya 40. Muda ukiongezeka maradufu, bendi baada ya kutolewa mwanga wa nyuma nayo iongezeke karibu maradufu. Isipofanya hivyo, msiipime. Na programu ikipaka bendi nyekundu kuonya kwamba imeungua, kuna wanaoizima rangi hiyo kwa sababu inachafua picha! Iacheni.

Mwaka 2004 jarida la Journal of Cell Biology liliweka wazi kanuni ninayoikubali: kurekebisha mwanga kunaruhusiwa kama ni kwa picha nzima na hakufichi kitu; kugusa bendi moja moja hakuruhusiwi. Mwaka 2016 Elisabeth Bik na wenzake walitoa matokeo ya kupitia makala 20,621, wakakuta asilimia 3.8 zina picha zilizorudiwa isivyostahili. Makala moja maarufu ya 2006 kuhusu ugonjwa wa Alzheimer, iliyotoka katika Nature, iliondolewa 2024 kwa sababu ya picha zilizochezewa. Miaka 18 watu waliijengea juu.

Najua wengine hamna sanduku la kamera, au mlilo nalo lililetwa na mradi, mradi ukaisha, taa zikaungua na programu inadai leseni. Simu yenye kichujio cha chungwa juu ya taa ya buluu inafaa kwa swali la ndiyo au hapana. Kwa kupima wingi haifai, kwa sababu simu hurekebisha picha yenyewe bila kukuuliza.

Faili la asili likae TIFF, lisiguswe, lenye tarehe na muda wa kupiga. Mnachorembesha kiwe nakala. JPEG hutupa sehemu ya picha na kubakiza ngazi 256. Na jeli isitupwe mpaka mwenzako ameifungua picha kwenye kompyuta nyingine akazisoma bendi peke yake, bila wewe kumwonyesha kwa kidole. Kisha iende kwenye ndoo ya itidiamu, si kwenye pipa la kawaida.