Aliyebonyeza Kengele

Katika siku hizi za uzee wangu nimekuwa mpenzi mkubwa wa michezo ya televisheni inayohusu upelelezi wa maabara, jambo ambalo mke wangu hulicheka. Anasema mtu wa umri wangu hana haja ya kutazama maiti huku anakula chakula cha jioni. Huenda ni kweli. Lakini ipo sehemu moja ya mchezo wa Kimarekani uitwao CSI ambayo nimeitazama mara tatu, na mara zote tatu nimekwenda kulala bila raha. Napenda kuieleza hapa, ndugu msomaji, maana ugomvi wangu nayo haujaisha.

Mchezo huo ulianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2000, na sehemu ninayoisema, iitwayo Unfriendly Skies, ni ya tisa katika mfululizo wa kwanza. Ndege inatua Las Vegas ikiwa na maiti ya abiria mmoja wa daraja la kwanza. Wapelelezi wanaongozwa na Gil Grissom, mtaalamu wa wadudu ambaye aghalabu huelewana na funza kuliko anavyoelewana na watu. Wanaingia ndani ya ndege, wanaketi katika viti vilevile, wanaigiza upya yaliyotokea. Kidogo kidogo inabainika kwamba marehemu alikuwa akibonyeza kengele ya kumwita mhudumu mara kwa mara, akipiga mateke kiti cha mbele yake, akienda msalani na kurudi, mpaka akazusha fujo na kuuendea mlango wa ndege kana kwamba ataufungua angani. Abiria wenzake wakamvamia, wakampiga hata akafa. Baadaye daktari anagundua kwamba mtu yule alikuwa na ugonjwa wa kuvimba ubongo, ambao haukuwa umetambuliwa na yeyote. Abiria hawapelekwi mahakamani. Wanahesabiwa kuwa walijitetea.

Mwishoni wapelelezi wanaulizana kila mmoja angefanya nini. Catherine, ambaye ni mama wa binti mdogo, hafichi kwamba moyo wake uko pamoja na abiria. Grissom anawasikiliza, kisha anawaambia kwamba wote wamejiweka katika viti vya waliobaki hai, na hakuna hata mmoja aliyeketi katika kiti cha marehemu. Walihitajika watu watano kumuua, anasema, na angetosha mmoja kumwokoa, kama angesimama kumtazama na kumsikiliza.

Mara ya kwanza nilikubaliana naye kabisa. Mke wangu hakukubali. "Mzee, mimi ningemshika miguu," akasema, na akaendelea kuchambua mchele wake.

Mara ya pili nilijikuta nimehamia upande wa mke wangu. Nilimkasirikia Grissom. Mpelelezi huja baada ya shari kupita. Ana taa, ana darubini, ana daktari wa kumpasulia maiti, na hakuna mtu anayemrukia kooni. Kutoka hapo ni rahisi sana kuwa na huruma. Ni kweli kwamba mlango wa ndege iliyo juu sana haufunguki kwa mikono ya mtu, kwa sababu hewa ya ndani huusukuma na kuubana kwa nguvu nyingi mno. Basi wale abiria walimuua mtu kwa ajili ya hatari ambayo haikuwapo. Lakini wao wangelijuaje hilo? Mtu aliye katika hofu hana muda wa kusoma elimu ya hewa.

Hata hivyo nikaona kuna kosa katika lile swali lenyewe. Ukiniuliza ningefanya nini pale mlangoni, nitajibu kwamba ningefanya kama wao, na huenda ningepiga zaidi. Mlangoni majibu yamekwisha kuwa machache. Lakini kabla ya mlango ilikuwapo kengele. Mtu alibonyeza kengele, akabonyeza tena, na kila aliyeisikia aliisikia kama kero. Hapo hakuna aliyekuwa hatarini. Hapo kila mmoja alikuwa na nafasi, na hapo ndipo hakuna aliyeona kwamba ana jambo la kuamua.

Mara ya tatu nikagundua kitu kibaya zaidi, nacho kilinihusu mimi. Nilianza kumhurumia marehemu pale daktari alipotaja ugonjwa. Kabla ya hapo nilikuwa namwona mjinga mmoja wa daraja la kwanza. Je, kama angekuwa amelewa tu? Mchubuko ungekuwa uleule, na kifo kilekile. Kwa nini basi huruma yangu ilingoja cheti?

Mwaka 1988 nilisafiri kwa basi la usiku kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Baada ya Segera kijana mmoja alianza kusimama na kuketi, akigonga kiti cha mbele yake, akisema basi lisimame. Mama aliyekuwa mbele yake, mwenye mtoto mchanga, akalalamika. Mtu akasema bangi, mwingine akasema pombe. Kijana alikuwa ametota jasho, lakini usiku ule sote lilikuwa likitutoka. Alipomshika konda shati, vijana watatu walimkamata pamoja na konda, wakamburura kuelekea mlangoni. Mimi nilikuwa kiti cha njiani. Nilichofanya ni kukunja magoti ili wapite.

Basi likasimama, akashushwa gizani, mkono ukagonga bodi, tukaondoka. Baadhi walicheka. Mimi nikalala, tena nikalala vizuri, mpaka Same.

Kwa yule hakuja Grissom wala daktari, na sijapata kujua kama alikuwa mgonjwa au mlevi. Lakini tangu nilipoitazama sehemu ile mara ya tatu, nikimkumbuka najikuta naomba moyoni kwamba alikuwa amelewa.