Kuchagua Kazi kwa Jicho la Mchumaji

Mchumaji stadi wa chai katika vilima vya Kericho huchuma majani mawili na chipukizi, akiliacha jani lililokomaa, na uteuzi huo ndio unaokipa kikapu chake thamani. Mwanafunzi wa chuo kutoka Kipkelion, penye kahawa na chai, hana budi kuichagua kazi kwa uangalifu uo huo, kwa kuwa chai humhitaji mtafiti wa udongo, fundi wa mitambo, mwonjaji na mhasibu kabla ya kufika kikombeni. Uanagenzi, yaani kujifunza kazi kwa kuifanya chini ya uangalizi wa mjuzi, humfunulia mwanafunzi huyo yale ambayo mihadhara ya Chuo Kikuu cha Kabianga pekee haiwezi kuyafunua. Kwa hiyo na awaulize wajuzi, maana kuuliza si ujinga.